Mwamvita na Mnyoo Asiyejulikana Kwao

Mwamvita amepanga chumba cha uani kwangu, hapa Chang'ombe, mwaka wa ishirini na mbili huu, na katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona amelala. Mtasema bibi anaongeza chumvi. Naongeza, ndiyo, kwani nyie mnakula visivyo na chumvi? Mie nikiamka kwa swala ya alfajiri namkuta kwenye kigoda, beseni mbele yake, kijiti mkononi, anageuza utumbo wa ng'ombe ndani nje kama mtu anavyogeuza soksi. Anauparuza kwa kisu butu, anausugua kwa chumvi na ndimu, anamwaga maji, anaanza tena. Maji saba. Paka wa mtaa huu walishakata tamaa. Wanapita kumsalimia tu.

Ni Mluguru wa Matombo. Jina lake alipewa kwa kuwa alizaliwa wakati wa Vita vya Kagera, na anaapa kwamba siku hiyo mama yake alisikia mizinga. Nikamwambia, mwanangu, Kagera na Matombo ni mashariki na magharibi. Akanijibu, "Mama yangu alikuwaga na masikio." Alikuja mjini na mume, mume akaenda Tunduru kutafuta vito, na bado anavitafuta. Mwamvita hakulia. Alinunua sufuria. Sufuria yenyewe ni kubwa kiasi kwamba mwaka wa mafuriko tulivushia watoto wanne na mbuzi mmoja, na mbuzi akapata pa kujinyoosha.

Kibanda chake kipo mbele ya gereji. Saa kumi na mbili asubuhi wameshakaa: wachomeleaji, wapiga rangi, walinzi wanaotoka zamu. Supu ya utumbo, chapati, ndimu, pilipili. Ng'ambo ya barabara yupo Audax, Mhaya wa Bukoba, anakaanga nguruwe kuanzia saa tisa alasiri. Hawagombani hata kidogo, kwa sababu mmoja akifungua mwenzake anakuwa ameshafunga. Tena wanachangia gari la mzigo, kirikuu kimoja: kinatoka Bunju na ndoo ya Audax, kinapita machinjioni kuchukua ndoo ya Mwamvita. Ya Mwamvita mfuniko mweupe, ya Audax mweusi. Miaka sita ndoo hizo zinasafiri pamoja na hazijawahi kugusana, maana katikati huwekwa tairi la akiba, kama mzee anayekaa baina ya wachumba.

Basi ikaja Ijumaa moja ya mwezi wa sita. Mie nimekaa kwenye benchi na chapati yangu. Akaja Khalfani, fundi wa kuchomelea, mwanamume mwenye sauti ya kukata bati.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mbona unatetemeka hivyo?"

"Homa, bibi. Siku ya tatu leo. Mwamvita, nipe ya moto kabisa, na pilipili usiionee huruma."

Mwamvita akamkamulia pilipili. Khalfani akainama kwenye bakuli, mvuke ukamfunika uso, akapata kikohozi. Si kikohozi, ni ngurumo. Vyuma vya gereji viliitikia. Alipomaliza akafuta machozi, akatazama bakulini, na bakuli nalo likamtazama.

Alikuwamo mnyoo. Mweupe wenye wekundu wa mbali, mnene kama penseli, na urefu wake, nilikuwepo mie, alianzia bakulini akaishia Keko. Tena mzima! Anajipinda, anajikunjua, kama anayetafuta mlango.

"Nguruwe!" Khalfani akapiga kelele. "Huyu mnyoo wa nguruwe! Mie nimechomelea mageti ya mabanda Bunju, minyoo wao nawajua kwa sura! Ndoo zimebadilishana! Mwanamke katulisha nguruwe!"

Nikasema, "Baba, supu hii inachemka tangu alfajiri. Mnyoo gani anacheza ngoma ndani ya maji ya moto?"

"Nguruwe huyo, bibi! Kila kitu chake ni kibishi!"

Na watu thelathini wakatikisa vichwa kukubali. Hapo ndipo nilipojua akili imeshapanda kirikuu imeondoka.

Kukawa kizaazaa. Mmoja akakumbuka ya chuoni, kwamba chombo kikiguswa na nguruwe huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hakuna aliyekumbuka kwamba maneno yale ni ya vyombo. Wakapanga mstari kwenye shimo la barabarani, wanasukutua. Mara sita maji, mara moja udongo. Na udongo wenyewe ni wa gereji, una oili ya miaka thelathini. Mchana walipoingia msikitini na meno meusi, sheikh alisimama akauliza ni kiwanda gani kimelipuka.

Mwamvita alikuwa amesimama na upawa mkononi, hasogei.

"Khalfani," akasema, "mtu akiniambia supu haina ndimu, naongeza ndimu. Ukiniambia ni haramu, nitaongeza nini?"

Khalfani akazidisha kelele.

Akaitwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, Mzee Marijani. Mtu mwema, ila anapenda mhuri kuliko chakula. Akasikiliza wote kwa pamoja, maana walisema kwa pamoja, kisha akafunika sufuria, akabandika karatasi kwenye mfuniko na akaigonga mihuri minne. Vijana sita wakaibeba hadi ofisini kwake, ikafungwa kwa mnyororo kwenye nguzo, bakuli la mnyoo likawekwa mezani. Sufuria iko chini ya ulinzi! Akatangaza kwamba kibanda kimefungwa hadi mwisho wa mwezi wa saba. Ikithibitika kwamba mnyoo ni wa nguruwe, Mwamvita anaondoka na eneo linapewa mtu wa chipsi. Mtu wa chipsi alikuwa ameshafika. Anapima kwa hatua.

Nilimtazama Mwamvita usoni. Kibanda kikienda, atatafuta kingine. Lakini jina la mwanamke aliyewalisha Waislamu nguruwe siku ya Ijumaa, hilo utalihamishia mtaa gani lisikutangulie?

Ndipo nikamkumbuka Avelina, mpangaji wangu wa chumba cha mbele. Naye ni mtu wa Bukoba, mpole, anafanya kazi kwenye maabara ya utafiti, na kazi yake ni minyoo. Niliwahi kumwuliza kwa nini binti mzuri hivyo amechagua minyoo. Akaniambia, "Bibi, hawanitumii meseji." Nikamfuata mwenyewe. Akaja ofisini kwa Marijani, akavaa glavu, akamgeuzageuza yule mnyoo kwenye sahani.

"Ni jike," akasema. "Lakini wa nani, kwa macho siwezi kusema. Mnyoo wa tumbo la mtu na wa tumbo la nguruwe wanafanana mno. Hata kwenye hadubini unaweza kukosea."

"Si nimesema sura naijua!" Khalfani akadakia.

"Kaka, mie nina miaka tisa kwenye kazi hii na sura siijui."

Marijani akauliza, "Sasa mnawatenganishaje?"

"Tunasoma jenomu ya mitokondria."

"Sema kwa lugha ya serikali."

Avelina akavuta pumzi. Akasema kila kiumbe kimejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana, na ndani ya kila chembe mna vitu vidogo zaidi vinavyotengeneza nguvu ya kuishi, ndivyo mitokondria. Vitu hivyo vina maandishi yao wenyewe, marefu, na mtoto huyapata kwa mama yake tu. Mama kwa bibi, bibi kwa mama yake bibi, kurudi nyuma hadi kule ambako hata mie sikuwepo. Ukiyasoma yote ukayalinganisha na ya minyoo wengine, unajua huyu anaingia kundi lipi.

Mie nikaelewa kabla ya wote. "Kumbe ni mafiga! Kila kiumbe ana mafiga ya kupikia nguvu, na hakuna mwana aliyeachiwa mafiga na baba yake."

"Hivyo hivyo, bibi," Avelina akasema, na Marijani akaandika *mafiga* kwenye daftari la ofisi.

Avelina akakata kipande kidogo kama punje ya mchele. Mnyoo aliyebaki akatiwa kwenye chupa ya spiriti, Marijani akaandika *Kielelezo Na. 1*, akamfungia kabatini pamoja na mihuri. Mie sikupenda, mnyoo anayeshutumiwa kwa nguruwe sasa na ulevi juu yake.

Wiki tatu tulisubiri. Nyie hamjaona wiki tatu. Mafundi walikunywa chai ya rangi na maandazi, wakakosa nguvu. Mageti yaliyochomelewa siku zile yalikuwa yanadondoka ukiyapigia hodi. Audax naye aliumia, maana kama ndoo zilibadilishana, basi zilibadilishana pande zote mbili. Wateja wake wakaanza kumwuliza kwa ukali kama wamelishwa ng'ombe.

Na Mwamvita? Alfajiri namkuta kwenye kigoda, beseni mbele yake. Hamna utumbo. Anaosha beseni tupu. Maji saba. Akimaliza anaosha sahani zangu, anaosha mapazia, siku moja akamwosha jogoo. Nikamwambia, "Mwanangu, pumzika."

"Bibi, mikono ikipumzika kichwa kinaanza. Naona watu wanapokea salamu yangu kwa kidevu."

Kweli walikuwa wanapokea kwa kidevu. Hata kwenye kisomo cha jirani alipeleka sinia la wali, likarudi limejaa kama lilivyokwenda, limefunikwa vizuri.

Siku ya majibu, ofisi ya mtaa ilijaa hadi madirishani. Khalfani amepona homa ila amepauka, amekaa mbele. Mtu wa chipsi amekuja na jiko lake kabisa. Avelina akafungua karatasi.

"Nimesoma herufi zake zote, elfu kumi na nne na ushee. Kwa upande wa mama, mnyoo huyu yumo katika kundi la minyoo wa binadamu."

Nikapiga kigelegele hadi meno ya bandia yakanitoka, yakaokotwa na Audax. Mwamvita alifunika uso kwa kanga.

"Ngoja!" Khalfani akasimama. "Umesema upande wa mama. Na baba yake?"

Nilimkanyaga Avelina mguu, lakini wasomi hawa hata ukiwakanyaga wanasema ukweli.

"Mitokondria haitoi habari za baba. Na hawa wa binadamu na wa nguruwe, mara nyingine huwa wanazaliana."

Pakawa soko.

"Mnaona!" Khalfani anapunga mikono. "Mtoto hufuata baba! Mie naitwa Khalfani wa Sefu, siitwi Khalfani wa Bi Mwanakombo! Kama baba yake nguruwe, na yeye nguruwe!"

Mwamvita akateremsha kanga. "Hayo ya kwenu. Kwetu Uluguru mtoto ni wa mama. Ukoo wa mama, shamba la mama, na mwenye kauli ni mjomba. Baba tunampa chakula na mahali pa kulala."

"Mnyoo huyu Mluguru?"

"Kapatikana kwenye sufuria ya Mluguru!"

Audax akainua mkono. "Kwetu Bukoba ukoo ni wa baba, tena hatuna mzaha. Lakini kwa leo, mie Mluguru."

Watu wakagawanyika. Wa ukoo wa baba wakakaa upande wa dirisha, wa ukoo wa mama upande wa mlango, na waliooana nje ya makabila yao wakasimama katikati na kubishana. Mzee mmoja akataka baba wa mnyoo aitwe ajieleze. Mwingine akauliza kama ndoa yenyewe ilifungwa. Marijani anaandika yote. Saa mbili nzima! Mnyoo kwenye chupa nadhani alikuwa wa kwanza kuchoka.

Mwamvita akasimama. Akachukua ile chupa, akaiweka katikati ya meza.

"Nyie mnauliza baba yake nani, mama yake nani. Mie nauliza kitu kimoja: alikuwa anakaa wapi? Mnyoo hatembei barabarani. Alitoka ndani ya mtu, basi mtu huyo atakuwa na wengine. Mie nipo tayari kunywa dawa ya minyoo mbele yenu sasa hivi. Na Khalfani anywe."

"Mie nimefanya nini?" Khalfani akaruka. "Mie ndiye mlalamikaji! Mie mzima!"

"Mzima gani amepauka kama chapati isiyoiva?" mchomeleaji mwenzake akasema. "Kunywa bwana, turudi kwenye supu."

"Kunywa! Kunywa!" ofisi nzima, pande zote mbili za ukoo.

Dawa ikaletwa na mhudumu wa afya wa mtaa. Mwamvita akameza. Khalfani akaitazama yake kama anaitafutia mahali pa kuchomelea, akameza. Mie nami nikameza, sikutaka kupitwa.

Siku ya pili yake, mchana, nimekaa uani nachambua mchele. Mlango wa nyuma ukagongwa. Khalfani, na kopo la rangi lenye mfuniko, macho chini.

"Bibi," akanong'ona. "Mpe Avelina. Tafadhali usiseme."

"Mie? Nisemage mie?"

Kufika alasiri walikuwa wameshajua Keko, Mtoni na nusu ya Tandika. Kumi na mmoja! Wengine wanasema kumi na tisa. Hao wamesikia kwa mtu mwingine. Mwamvita alipata sifuri. Yangu siandiki.

Zikapita siku nyingine za kusubiri, tukarudi ofisini. Safari hii Avelina hakusubiri kuulizwa. Akasema amewasoma watatu kati ya wale wa kopo, na mmoja wao maandishi yake ni yaleyale ya mnyoo wa bakulini, herufi kwa herufi, kama waliozaliwa na mama mmoja. Akaeleza kwamba mwenye minyoo akipata homa kali, joto huwasumbua, wakahangaika, na mara chache mmoja hupanda juu hadi kooni. Mwenyewe akikohoa, humtoa.

Watu wote thelathini wakamgeukia Khalfani. Naye, jamani, kwa binadamu kuna ukaidi! Akasema kwa sauti ndogo, "Lakini baba yao bado hajajulikana."

Mzee Marijani akapiga mhuri kwenye meza, ukaacha alama ambayo ipo hadi leo.

"Ofisi hii haihusiki na koo za watu," akasema. "Kazi yangu ni makazi. Mtu akija hapa simwulizi baba yake alioa wapi. Namwuliza unakaa kwa nani, basi."

Akachomoa karatasi, akaandika pale pale, na kwa sababu ana mwandiko wa kuvuta kama treni, Avelina ndiye aliyetusomea:

*Kwa yeyote anayehusika. Mtajwa hapo juu, mnyoo, jinsi ya kike, anatambuliwa na ofisi hii kuwa ni mkazi wa tumbo la Bw. Khalfani Sefu wa mtaa huu, alikokuwa akiishi na wenzake kumi na mmoja. Hajawahi kuwa mkazi wa sufuria ya Bi. Mwamvita, siku hiyo alikuwa anapita. Tafadhali apewe ushirikiano.*

Mihuri mitatu. Mnyororo ukafunguliwa, vijana sita wakaibeba sufuria, na mtu wa chipsi akabeba jiko lake akaondoka bila kuaga.

Asubuhi iliyofuata Mwamvita alifungua. Barua ameitia kwenye nailoni, ameipigilia misumari juu ya benchi, usawa wa macho. Waliokuwa wakipokea salamu kwa kidevu sasa wanaitika kwa mikono miwili. Walakini Khalfani hakuja. Siku tatu alipita barabara ya nyuma, akija kazini amezunguka hadi Keko. Ya nne alikuja, kofia mkononi.

"Mwamvita, nisamehe. Nilikosea. Lakini ile barua iondoe. Watoto wangu wanajua kusoma."

"Jina langu ulilitangaza barabarani. Mie la kwako nimeliweka ukutani tu."

"Nifanye nini basi?"

Mwamvita akafikiri, upawa umesimama hewani, unadondosha. Akamwonyesha mwisho wa benchi, pale panapoelekea barabarani, ambapo kila apitaye anakuona.

"Arobaini," akasema. "Asubuhi arobaini utakaa hapo, uso barabarani, unywe supu yangu mpaka tone la mwisho. Anayetaka kujua kama ni halali atakutazama wewe mlalamikaji unavyoinywa. Ikitimia, barua yako nakupa."

Khalfani akakaa. Siku za kwanza aliinywa kama dawa, uso umekunjika, watu wanasimama kumwangalia, wenye simu wanampiga picha. Kufika siku ya kumi na tano alikuwa anawasalimia. Ya ishirini na nane nilimsikia kwa masikio yangu anamgombeza mgeni: "Kaa ule, bwana, huyu mama anaosha utumbo maji saba!" Na kwa ile sauti yake, wakaja hadi watu wa Mbagala.

Siku ya arobaini na moja, Mwamvita aling'oa misumari, akaipangusa nailoni kwa kanga, akampa barua mkononi. Khalfani akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa shati. Tukadhani atainuka.

Akasogeza bakuli mbele. "Ongeza ndimu," akasema.

Mwamvita akaongeza.